Kinywa cha Nyumba Tatu

Nasema nawe, ewe kigoda cha miguu mitatu, uliyewekwa katikati ya uwanja huu pasipo mtu wa kukukalia. Nasema nawe peke yako, kama walivyosema nawe baba zangu na baba za baba zangu kila mwaka siku ya kuzibua mfereji. Walioketi kukuzunguka wakisikia, shauri yao.

Zamani za mababu wa mababu, kabla bonde hili la Ngurunga halijawa na jina, ziliishi humu nyumba tatu za watu waliokuja kwa njia tatu tofauti. Watu wa Nyundo walishuka kutoka mlima Ishenge wakiwa na mivukuto yao mabegani, wakafua chuma. Watu wa Zizi walitoka nyikani wakifuata ng'ombe wao, wakakaa ng'ambo ya pili ya bonde. Watu wa Jembe hawakumbuki walikotoka, wala hawapendi kuulizwa, lakini walipofika walishika udongo wa chini wakalima. Katika nyumba hizo alizaliwa Mbonea mwana wa Kirumbe, Mgongo Usiolazwa, Mbeba Magogo, Kinywa cha Nyumba Tatu, ambaye baba yake Kirumbe alikuwa mtu wa Zizi na mama yake Nakijwa alikuwa binti wa Nyundo, maana siku zile nyumba zilikuwa bado zinaoana.

Alipokuwa bado hajaota meno kilikuja kiangazi kibaya, chemchemi ya bonde ikabaki tope, na watu wa nyumba zote tatu wakakutana pale chemchemini asubuhi moja, kila mmoja na chombo chake. Nani alisukuma kwanza hakuna ajuaye, ingawa kila nyumba inajua kwa hakika kwamba si watu wake. Walipigana mpaka tope likawa jekundu. Kirumbe alikufa pale akiwakinga shemeji zake, na Nakijwa alikufa akimfuata mumewe, na mtoto akaokotwa kwenye majani na mwanamke wa Jembe aliyeitwa Nanzia, mwanamke aliyekuwa hajajaliwa kuzaa, akambeba mgongoni, akaenda kwao bila kumuuliza mtu. Tangu siku ile Nanzia hakuwa na mtoto mwingine, wa kwanza wala wa mwisho.

Wafu walipokwisha kuzikwa, wakubwa wa nyumba tatu walikutana mara moja tu, nao hawakukutana ili kupatana. Walileta chungu cha maji, wakakivunja juu ya jiwe, kila nyumba ikachukua kigae chake, na kila nyumba ikaapa hivi: neno langu likiingia sikioni mwako, au kitu changu kikitoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwako, mtoto wangu wa kwanza afe. Wakaondoka. Kiapo kile kilikuwa na njia moja ya kufunguliwa, nayo ilijulikana na kila mfinyanzi: vigae vyote vitatu visagwe pamoja kwenye kinu kimoja, unga wake uchanganywe na udongo mbichi, ufinyangwe chungu kipya, na nyumba zote zinywe humo. Lakini nani angekwenda kumwomba mwenzake kigae, na kuomba ni kusema?

Mbonea akakua. Nguvu zake zilionekana mapema, kwa kuwa akiwa kijana wa kuanza ndevu alimbeba fahali aliyevunjika mguu kutoka bondeni hadi zizini, na fahali yule alikuwa wa watu waliokuwa hawajamsalimu mtu wa Jembe miaka yote ya uhai wake. Wenye fahali walipomwona walishangaa, kisha mkubwa wao Sebuge, mtu mrefu wa maneno machache, akamtazama uso akamwona Kirumbe humo. Akasema, "Huyu ni wetu." Wakamnywesha maziwa. Naye Kiangi, mkubwa wa Nyundo, aliposikia hayo alimwita Mbonea kiwandani kwake, akamtazama mikono akaiona mikono ya Nakijwa, akasema, "Huyu ni wetu." Na Nanzia, ambaye wakati huo watu wa Jembe walikuwa wamekwisha kumfanya mkubwa wao kwa sababu ya akili yake, hakuwa na haja ya kusema lolote. Ndivyo alivyopatikana mtu mmoja katika bonde zima ambaye kila nyumba ingeweza kusema naye pasipo kuvunja kiapo, kwa kuwa kila nyumba ilimhesabu kuwa mtu wake.

Kiangazi kikarudi, kibaya kuliko cha kwanza, na watoto wakaanza kufa. Mbonea akapanda Ishenge peke yake, akaona mto unaotoka msituni ukimwagika upande usiokaliwa na mtu, akarudi na wazo ambalo lingemfanya mtu mwingine achekwe: kuuchimbia mto ule mfereji ubavuni mwa mlima, kuuleta mpaka juu ya bonde, na kuulaza katika bwawa lenye ukuta na lango, kila nyumba ipate maji kwa zamu. Kazi ile haikuwa ya nyumba moja. Mwamba ulihitaji moto na patasi za Nyundo. Magogo na mawe yalihitaji kamba za ngozi na mafahali wa Zizi, na udongo wa ukuta ulihitaji kukanyagwa na kwato zao mpaka ushikamane. Kuchimba, kupima mteremko na kufinyanga ukuta ni mambo waliyoyajua watu wa Jembe tu. Mbonea akaenda nyumba hadi nyumba, akakaa kwenye kila moto, akala chakula cha kila mmoja, na kila mmoja akamwambia anataka maji lakini hawezi kufanya kazi na wale. Naye akawajibu wote jibu moja: "Hutafanya kazi na wale. Utafanya kazi na mimi."

Ewe kigoda, neno hilo lilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliotufikisha hapa.

Kazi ikaanza, na haijapata kuonekana kazi ya namna ile. Watu wa nyumba tatu walisimama katika mtaro mmoja, bega kwa bega, pasipo kusemezana. Mtu wa Jembe akitaka patasi alimwita Mbonea, na Mbonea akashuka, akamwambia mtu wa Nyundo aliyesimama hatua moja kutoka pale na aliyekwisha kusikia kila neno, "Anataka patasi," na mtu wa Nyundo akaiweka patasi chini mbele ya miguu ya Mbonea, na Mbonea akaiokota akampa mwenye kuitaka. Siku moja fahali wa Zizi alimkanyaga mguu fundi mmoja wa Nyundo, akasimama juu yake, na fundi yule alistahimili akitokwa na machozi, akipiga kelele, "Mbonea, mwambie amwondoe ng'ombe wake," na mchungaji naye amesimama palepale ameshika kamba ya ng'ombe huyohuyo, akimngoja Mbonea, aliyekuwa juu kabisa ya mlima. Watu walicheka kwa miezi. Hata fundi alicheka, mguu ulipopona.

Mfereji ukafika. Maji yakaingia bwawani wakati wa jioni, yakiwa ya kahawia na mapovu, na watu wazima wakajitupa ndani na nguo zao. Mwaka ule watu walivuna, ng'ombe wakazaa, na wahunzi wakapata nafaka ya kubadilishana na majembe, yote kwa mkono wa Mbonea. Sifa zake zikaimbwa kwa lugha tatu. Hakuna aliyembishia kwa jambo lolote, na hapo, katika fahari ile, wakubwa wa nyumba wakafanya tendo ambalo lingeweza kutuokoa. Kiangi akamwita faraghani akampa kigae cha Nyundo. Sebuge akampa kigae cha Zizi. Nanzia akampa cha Jembe, akamwambia, "Visage, mwanangu, tumechoka kunyamaza." Kila mmoja alitoa chake akidhani wengine bado wanakatalia, na Mbonea peke yake ndiye aliyejua kwamba sasa anavyo vyote vitatu.

Akavitia katika mfuko wa ngozi ya ndama, akauvaa kiunoni. Alikusudia kuvisaga kabisa, nami siwezi kumsingizia. Lakini kwanza ukuta wa bwawa ulitaka kuongezwa urefu, kisha yakawa mavuno, kisha ikawa ndoa katika nyumba ya Zizi ambayo isingefana bila yeye. Kila alfajiri watu walikuwa wamekwisha kujipanga nje ya mlango wake, huyu ana neno la kupeleka kule, yule ana kitu cha kuleta huku, na alipotoka nyuso zote ziligeuka kumwelekea.

Mkewe Namcheja, binti wa Jembe, mwanamke asiyemung'unya maneno, aliujua mfuko ule kwa kuwa alilala nao. Siku moja, watu wakiwa wamepungua mlangoni, aliweka kinu mbele ya mumewe na mchi kando yake.

"Ni kazi ya muda wa kuchemsha maji," alisema. "Nishike mimi mchi?"

"Baada ya masika," alisema Mbonea. "Masika yakipita nitatulia."

"Mwaka jana ulisema baada ya mavuno."

Mbonea akaushika mfuko kiunoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Namcheja, siku watakaposemezana wenyewe, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wangu," alisema Namcheja. "Na wewe ujue, mume wangu, siku utakapopaliwa watu hawa watakufa wamesimama pembeni ya maji." Akakirudisha kinu jikoni.

Naye hakuwa na hasira, kwa maana alimpenda, na alikwisha kumjua. Ninasikitika kila nifikapo hapa. Ingetosha apige mchi mara chache tu.

Masika yakaja. Mvua zilinyesha Ishenge bila kukatika, mto wa msituni ukabeba miti na mawe, na mchana mmoja mfereji ukamwaga yote hayo ndani ya bwawa. Maji yakapanda mpaka ukingo wa ukuta. Lango, ambalo lilikuwa gogo zito la mninga lililokaa katika mfuo wake na kuinuliwa kwa kamba, lilikuwa limekwama kwa takataka, na kamba yake imekatika. Lisipofunguliwa, ukuta ungepasuka na bonde lote chini yake lingezolewa. Nyumba zote tatu zikakimbilia juu, kila moja na ilicho nacho. Watu wa Zizi walisimama ukingo wa kulia na kamba zao mpya za ngozi. Watu wa Nyundo walisimama ukingo wa kushoto na kulabu za chuma. Watu wa Jembe, wenye mikono mingi ya kuvuta, walisimama juu ya ukuta wenyewe, na Nanzia mbele yao.

Mbonea hakungoja. Alishuka ndani ya mkondo wa lango, akaingiza mgongo chini ya gogo, ule mgongo uliobeba fahali, akainua. Gogo likapanda. Maji yakapita chini yake kwa kishindo, bwawa likaanza kushuka, na watu wakapiga vigelegele. Lakini gogo lilikuwa halina cha kulishikilia isipokuwa yeye. Ilitakiwa kulabu ifungwe kwenye kamba, ishike gogo, ivutwe na mikono mingi, basi, na Mbonea angetoka. Kila mtu aliyesimama pale aliliona hilo, na hata mtoto angeliona.

Watu wa Nyundo wakatupa kulabu pasipo kamba, ikazama. Watu wa Zizi wakatupa kamba pasipo kulabu, ikateleza juu ya gogo lililolowa, wakaivuta tena, wakaitupa tena. Watu wa Jembe walinyoosha mikono ambayo haikuwa na kitu cha kuvuta. Kisha wote wakafanya kile walichozoea kufanya wakikwama, wakamtazama Mbonea. Kiangi akapaza sauti, "Mbonea, waambie walete kamba." Sebuge akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Mbonea, waambie walete kulabu." Walisikiana vizuri kabisa, kila neno. Wakamngoja.

Maji yaliyokuwa yakipita langoni yalikuwa yamefika kidevuni mwake. Yaliyokuwa usoni mwake wakati ule kila nyumba huyasimulia kwa namna yake, lakini neno alilolisema ni moja katika masimulizi yote. Aliinua uso, akawatazama wa kulia na wa kushoto, akasema, "Ambianeni."

Kisha maji yakamwingia kinywani.

Gogo halikushuka. Aliendelea kulibeba chini ya maji, na waliokuwa karibu waliona likitetemeka. Hapo Nanzia, mwanamke wa Jembe ambaye hakuwa na mtoto mwingine, akafungua kinywa chake mbele ya nyumba tatu. Hakulia wala hakupiga yowe. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akiwaita kwa majina watu ambao nyumba yake ilikuwa haijawaita tangu siku ya chemchemi: "Sebuge, nipe kamba. Kiangi, nipe kulabu. Nawaombeni."

Sebuge akasikia. Sikia vizuri, ewe kigoda, maana mambo yetu yote yanaanzia hapa. Mkono wake ulioshika kamba uliinuka kidogo. Alikuwa na binti, mtoto wake wa kwanza, aliyemzaa uzeeni, naye binti yule alikuwa amesimama nyuma yake. Mkono ukasita. Akageuza uso, akayatazama maji pale Mbonea alipokuwa, akingoja Mbonea amfikishie neno. Na Kiangi naye akayatazama maji.

Gogo likaanguka. Lango likaziba, bwawa likajaa kwa muda mfupi, na ukuta ukapasuka katikati. Mashamba yalikwenda, mazizi yalikwenda, kiwanda cha Kiangi kilikwenda na mivukuto yake, na watu wengi walikwenda, pamoja na Sebuge mwenyewe na yule binti aliyemwogopea. Mwili wa Mbonea haukuonekana, wala mfuko wa ngozi ya ndama. Namcheja alitembea kando ya mto mpaka mahali mto unapoishia mchangani, akifukua kwa mikono. Watu walidhani anamtafuta mumewe. Alikuwa akitafuta vigae.

Waliosalia walikusanyika, na kama ungewauliza kilichotokea, wangekujibu kwa umoja ambao hawakuwahi kuwa nao katika jambo lingine lolote. Walisema Nanzia alivunja kiapo mbele ya macho ya watu, na mtoto wake wa kwanza alikufa saa ileile. Walisema kiapo ni cha kweli. Waliokuwa wameanza kukichoka wakakishika upya, na waliokuwa wakinong'onezana kisirisiri vichakani wakaacha. Mimi nasema Mbonea alikufa kwa kuwa neno lile lilichelewa, wao wakasema alikufa kwa kuwa lilisemwa, na waliosema hivyo ndio waliobaki hai kutuzaa. Nanzia hakubishana nao. Aliishi miaka mingi, na hakusema tena na mtu yeyote, hata wa nyumba yake.

Mfereji ulichimbwa upya, mwembamba zaidi, na bwawa likajengwa dogo, kwa kuwa maji lazima yanywewe. Lakini nani angepeleka maneno? Walitafuta mtu mwingine wa nyumba zote tatu wasimpate, kwa sababu Mbonea hakuacha mtoto, na hakuna tena aliyeoa nje ya nyumba yake. Ndipo walipokichukua kigoda alichokuwa akikalia Mbonea mlangoni kwake, wakakiweka hapa katikati, wakakubaliana kila upande peke yake kwamba mwenye neno atakiambia kigoda, na mwenye kitu atakiweka mbele ya kigoda. Hiyo ndiyo alama aliyotuachia shujaa wetu. Tunaitwa watu wa Ngurunga, tuna mfereji mmoja, tunalisha watoto wetu kwa maji mamoja, na hatujapata kuamkiana.

Siku hizi nyumba zina majina mapya. Wa Jembe wana ushirika wao wa vitunguu, wa Zizi wana umoja wa wafugaji, wa Nyundo wana chama cha mafundi na karakana yenye bati jekundu. Wamekuja wageni wakatukalisha pamoja, wakatupa chai, wakatusifu kwa utulivu wetu. Masika yaliyopita mchanga uliziba lango, na mwenyekiti wa ushirika akakiambia kigoda kwamba anahitaji kamba. Mwenye kamba alikuwa ameketi karibu naye, magoti yao yanagusana. Nilimwona akigeuza uso, akakitazama kigoda, akingoja kigoda kimfikishie neno. Shamba la chini likakauka lote.

Mimi ni mtu wa Nyundo, nina mtoto wa kwanza nyumbani, na ni mwoga kama Sebuge. Mwaka kesho, kama bwawa litakuwa bado lina maji, nitakuja kukuambia tena. Niliyokuwa nayo nimekuambia wewe, ewe kigoda, na sijamwambia mtu.